Leza ya nusukipitishi

Leza ya nusukipitishi (huitwa pia diodi ya leza) ni kifaa cha kielektroniki kinachogeuza umeme moja kwa moja kuwa mwali wa leza ndani ya kipande cha fuwele. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kwa kawaida urefu wake ni kati ya robo milimita na milimita chache. Hata hivyo hii ndiyo aina ya leza inayotengenezwa kwa wingi kuliko zote. Husoma diski za CD na DVD, huchora kurasa ndani ya printa za leza, husoma mistari ya msimbo kwenye bidhaa dukani, na hubeba karibu mawasiliano yote ya intaneti yanayovuka bahari.

Tofauti na leza ya rubi au ya gesi, leza hii haihitaji taa ya mmweko wala mrija wa gesi. Inawashwa kwa volti chache tu. Udhaifu wake uko mahali pengine: inategemea mno usafi na mpangilio wa fuwele. Leza za kwanza za aina hii zilizowaka mfululizo katika joto la kawaida la chumba zilikufa baada ya dakika au saa chache. Zile zilizolala leo kwenye sakafu ya bahari zinatakiwa kufanya kazi kwa miaka 25 bila kuguswa na fundi. Sehemu kubwa ya habari za kifaa hiki ni habari za jinsi pengo hilo lilivyozibwa.

Namna inavyofanya kazi

Katika nusukipitishi (pia: semikonda), elektroni zinaweza kuwa katika kanda mbili za nishati: kanda ya chini, ambamo zimefungwa kwenye atomi zake, na kanda ya juu, ambamo zinatembea huru. Kati ya kanda hizo kuna pengo la nishati ambamo elektroni haiwezi kukaa. Elektroni ikiondoka katika kanda ya chini huacha nafasi tupu inayoitwa tundu, na tundu hilo hutenda kana kwamba ni chaji chanya.

Diodi hutengenezwa kwa kuunganisha upande wenye elektroni nyingi huru (upande n) na upande wenye matundu mengi (upande p). Umeme ukipitishwa, elektroni na matundu hukutana kwenye kiungo. Elektroni inapoanguka ndani ya tundu, nishati ya pengo hutoka kama fotoni moja ya nuru. Zikiachwa hivyo, fotoni hutoka ovyo kila upande. Hiyo ndiyo taa ya LED.

Ili kupata leza yanahitajika mambo mawili zaidi. La kwanza ni utoaji wa kuchochewa, ambao Albert Einstein aliueleza mwaka 1917: fotoni inayopita karibu na elektroni iliyo juu inaweza kuichochea ianguke na kutoa fotoni ya pili iliyo sawa kabisa na ya kwanza kwa rangi, kwa mwelekeo na kwa mwendo wa wimbi. Hilo hushinda ufyonzaji pale tu ambapo mkondo wa umeme ni mkubwa wa kutosha kuweka elektroni nyingi juu. La pili ni vioo viwili vinavyorudisha nuru ndani ili ipite tena na tena na kuongezeka kila mara. Hapa asili imerahisisha kazi: kipeo cha mpindo wa nuru cha fuwele hizi ni kama 3.5, kwa hiyo uso wake ukikatwa sawasawa hurudisha takriban asilimia 30 ya nuru bila kupakwa kitu chochote.

Rangi ya nuru hutegemea pengo la nishati. Kanuni nyepesi ya kukumbuka ni kugawa 1,240 kwa pengo likiwa katika elektronivolti. Jibu ni urefu wa wimbi katika nanomita. Asenidi ya gali ina pengo la elektronivolti 1.42, hivyo nuru yake ni ya nanomita 870 hivi, yaani infraredi isiyoonekana kwa jicho.

Wanafunzi huuliza mara nyingi kwa nini silikoni, ambayo imejaa katika kompyuta na paneli za sola, haitumiki. Sababu ni kwamba ndani ya silikoni elektroni haiwezi kuanguka moja kwa moja katika tundu. Inahitaji msaada wa mtikisiko wa fuwele, na karibu nishati yote huishia kuwa joto. Ndiyo maana leza hutengenezwa kwa michanganyiko kama asenidi ya gali, fosfidi ya indi na nitridi ya gali, ingawa michanganyiko hiyo ni ghali na migumu kushughulikia.

Mwanzo wake

Leza ya kwanza duniani, ya rubi, iliwashwa na Theodore Maiman mwezi Mei 1960 huko Malibu, Kalifornia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1962, makundi manne nchini Marekani yalipata leza ya nusukipitishi karibu kwa wakati mmoja: kundi la Robert Hall katika General Electric mjini Schenectady, Nick Holonyak wa kampuni hiyohiyo mjini Syracuse, Marshall Nathan na wenzake wa IBM, na kundi la Lincoln Laboratory ya MIT. Hall ndiye aliyetangulia, mwezi Septemba. Vioo vya leza yake alivipata kwa kusugua pande za fuwele mpaka zikang'aa, ufundi aliouzoea tangu ujana alipokuwa akijitengenezea darubini. Leza ya Holonyak ilikuwa ya kwanza ya aina hii kutoa nuru nyekundu inayoonekana.

Vifaa hivyo vilikuwa vya maabara tu. Vililazimika kupozwa kwa nitrojeni kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na vilitoa nuru kwa mapigo mafupi. Katika joto la chumba vingehitaji makumi ya maelfu ya ampea kwa kila sentimita mraba, mkondo ambao ungeunguza fuwele kabla ya leza kufanya kazi ya maana. Elektroni na matundu yalikuwa yakisambaa mbali na kiungo, na nuru nayo ilivuja pande zote.

Mwaka 1963 Herbert Kroemer, aliyekuwa Marekani, na Zhores Alferov pamoja na Rudolf Kazarinov wa Umoja wa Kisovyeti, walipendekeza wazo lilelile bila kuwasiliana: safu nyembamba yenye pengo dogo ibanwe katikati ya safu mbili zenye pengo kubwa. Elektroni na matundu yangenaswa katikati kama maji ndani ya mfereji. Tena, kwa bahati njema, safu ya kati huwa na kipeo kikubwa zaidi cha mpindo wa nuru, kwa hiyo nayo nuru hunaswa humohumo. Mpangilio huu huitwa muundo wa safu mseto. Kroemer alisimulia baadaye kwamba mwajiri wake alimnyima nafasi ya kuufanyia kazi kwa hoja kwamba haungekuwa na matumizi yoyote.

Ugumu ulikuwa katika utengenezaji. Fuwele mbili haziungani vizuri kama umbali kati ya atomi zake hautofautiani kwa kiasi kidogo sana. Zikilazimishwa, safu za atomi hukatika. Jibu lilikuwa alumini. Kipimo cha kimia cha atomi katika asenidi ya gali ni nanomita 0.5653, na katika asenidi ya alumini ni 0.5661: tofauti ya kama sehemu moja na nusu katika elfu. Asenidi ya alumini peke yake huharibika katika hewa yenye unyevu, lakini ikichanganywa na gali inadumu. Kwa mchanganyiko huo, mwaka 1970 kundi la Alferov katika Taasisi ya Ioffe mjini Leningrad, na baada ya muda mfupi Izuo Hayashi na Morton Panish wa Bell Labs, walipata leza iliyowaka mfululizo katika joto la chumba. Alferov na Kroemer walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2000, wakigawana na Jack Kilby aliyehusika na saketi unganifu.

Utengenezaji

Kazi huanza na kisahani: kipande chembamba cha mviringo kilichokatwa kutoka kwenye gogo la fuwele moja ya asenidi ya gali au fosfidi ya indi. Juu yake huoteshwa matabaka, na neno kuotesha ndilo linalofaa, kwa sababu kila tabaka jipya hufuata mpangilio wa atomi za lile la chini yake kama ukuta unaofuata matofali ya msingi.

Leza za mwaka 1970 zilioteshwa kutoka katika myeyuko. Kisahani kilisogezwa chini ya vidimbwi vya gali iliyoyeyuka, kimoja baada ya kingine, ndani ya tanuru la nyuzi 800 hivi, na kila kidimbwi kiliacha tabaka lake. Njia hiyo ilikuwa rahisi, lakini haikuweza kutoa tabaka jembamba sana lenye unene sawa kila mahali. Leo zinatumika njia mbili. Katika ya kwanza, miali ya atomi hurushwa kwenye kisahani ndani ya ombwe kali sana. Alfred Cho wa Bell Labs ndiye aliyeiendeleza zaidi. Katika ya pili, gesi zenye gali, alumini au indi hupitishwa juu ya kisahani chenye joto pamoja na gesi ya asini au fosfini, nazo huvunjika na kuacha atomi zake. Njia hii ndiyo iliyoenea viwandani kwa sababu visahani vingi huoteshwa kwa mara moja. Asini ni sumu kali mno, na kiwanda cha namna hii huhitaji mitambo ya kuizuia isivuje.

Kwa njia hizo tabaka linaweza kuwa na unene wa nanomita 10 au pungufu, yaani makumi machache tu ya safu za atomi. Tabaka jembamba kiasi hicho huitwa kisima cha kwantumu, kwa sababu elektroni iliyobanwa humo inaruhusiwa kuwa na viwango fulani tu vya nishati. Faida yake ni kubwa: mkondo unaohitajika kuwasha leza umeshuka kutoka ampea elfu kadhaa kwa sentimita mraba hadi mia chache, na hata chini ya 100 katika maabara.

Baada ya kuotesha, kisahani huchorwa mistari kwa nuru na kemikali ili umeme upite kwenye ukanda mwembamba tu wenye upana wa mikromita chache. Hupakwa metali juu na chini. Kisha huja hatua ambayo mtu asingeitarajia katika kiwanda cha kisasa: kisahani hukwaruzwa ukingoni kwa ncha ya almasi na kuvunjwa. Fuwele hupasuka ikifuata safu za atomi zake, na uso unaopatikana ni kioo laini kuliko ambavyo msasa wowote ungeweza kufanya. Upande wa nyuma hupakwa tabaka la kurudisha karibu nuru yote, upande wa mbele hupakwa la kurudisha kidogo, na kipande hulehemiwa juu ya kipoza joto.

Kufa kwa leza

Furaha ya mwaka 1970 haikudumu. Leza zilififia na kuzimika baada ya muda mfupi. Watafiti wa Bell Labs walipofungua dirisha dogo kwenye leza zilizokuwa zikifa na kuzitazama kwa darubini, waliona mistari myeusi ikienea ndani ya ukanda wa nuru. Walitangaza jambo hilo mwaka 1973. Ilikuja kuonekana kwamba chanzo chake ni sehemu ambapo safu ya atomi imekatika. Mahali hapo elektroni huanguka bila kutoa nuru, joto na nishati yake husogeza atomi za jirani, ufa hurefuka, na eneo lililokufa huongezeka. Leza ilikuwa inajiua kwa kazi yake yenyewe.

Tiba haikuwa ugunduzi mmoja. Visahani vilitafutwa vyenye kasoro chache tangu mwanzo. Oksijeni iliondolewa katika tanuru. Lehemu ngumu iliyokuwa ikibana fuwele ilibadilishwa kwa indi iliyo laini. Nyuso za vioo zilipakwa kinga. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, majaribio ya kuzeesha leza haraka kwa joto kali yalionyesha kwamba zingeweza kudumu mamia ya maelfu ya saa. Biashara ya simu kupitia nyuzi za kioo isingewezekana bila kazi hiyo ya uvumilivu, ambayo haina Tuzo ya Nobel.

Njia nyingine ya kufa ni ya ghafla. Leza ya miliwati 100 hutoa nuru kupitia mlango wa mikromita 3 kwa nusu mikromita. Ukifanya hesabu, hiyo ni zaidi ya wati milioni 6 kwa sentimita mraba. Uso wa kioo ukifyonza kidogo hupata joto, joto hupunguza pengo la nishati, pengo dogo hufyonza zaidi, na uso huyeyuka kwa muda usiofika sekunde moja ya milioni. Pia umeme tuli wa kidole cha fundi unatosha kuharibu diodi bila kuacha alama. Kwa hiyo anayezishika huvaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi.

Vipimo vya utendaji

Kipimo cha kwanza ni mkondo wa kizingiti. Chini ya mkondo huo kifaa hutoa nuru hafifu kama LED. Juu yake nuru huongezeka kwa mstari ulionyooka. Kwa leza ndogo za mawasiliano kizingiti ni miliampea chache hadi makumi. Mteremko wa mstari huo huonyesha ufanisi. Leza bora za nguvu kubwa, zenye nuru ya karibu nanomita 900 hadi 980, hugeuza zaidi ya nusu ya umeme kuwa nuru, jambo ambalo leza chache za aina nyingine hulifikia.

Adui wa vipimo vyote ni joto. Kizingiti hupanda haraka joto linapopanda, na leza za fosfidi ya indi huathirika zaidi kuliko za asenidi ya gali. Rangi nayo huhama. Leza ya mawasiliano ya nanomita 1550 huhama takriban nanomita 0.1 kwa kila nyuzi moja. Kwa kuwa katika faiba njia za rangi mbalimbali mara nyingi hupishana kwa nanomita 0.8 tu, nyuzi 8 za joto zinatosha kuitupa leza kwenye njia ya jirani. Kwa sababu hiyo leza hizo hukaa juu ya kipoza cha umeme kinachoshikilia joto lake mahali pamoja.

Leza rahisi yenye vioo viwili hutoa rangi kadhaa zilizokaribiana. Ili ibaki moja, huchongwa matuta madogo ndani ya fuwele yenyewe, yanayopishana kwa nanomita 240 hivi kwa nuru ya 1550. Matuta hayo hurudisha rangi moja tu.

Nyuzi za kioo na mikongo ya baharini

Mwaka 1966 Charles Kao alionyesha kwamba uzi wa kioo safi ungeweza kupeleka nuru mbali. Lakini kioo hakipitishi rangi zote sawa. Kwa nuru ya asenidi ya gali, karibu nanomita 850, hasara ni kama desibeli 2 kwa kilomita. Kwenye 1550 ni 0.2 tu. Tofauti hiyo yaonekana ndogo mpaka ihesabiwe: baada ya kilomita 50 nuru ya 1550 imebaki sehemu moja ya kumi, ilhali ile ya 850 imebaki sehemu moja ya bilioni kumi. Hivyo watengenezaji walihamia kwenye mchanganyiko wa indi, gali, aseniki na fosforasi juu ya fosfidi ya indi. Mkongo wa kwanza wa nyuzi za kioo kuvuka Atlantiki, TAT-8, ulianza kazi mwaka 1988 ukitumia nuru ya nanomita 1300.

Pwani ya Afrika Mashariki ilisubiri zaidi ya miaka 20 baada ya hapo. Hadi mwaka 2009 simu na intaneti za kimataifa zilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa kuchelewa kwa sauti. Mkongo wa SEACOM ulifunguliwa Julai 2009, ukagusa Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS uliounganisha Mombasa na Fujairah ukafuata mwaka huohuo, na EASSy mwaka 2010.

Katika mikongo ya namna hii nuru huongezwa nguvu baharini kila baada ya makumi ya kilomita. Ndani ya kila kikuzaji mna uzi wenye atomi za erbi, nazo husukumwa na leza za nusukipitishi za nanomita 980 au 1480. Miaka 25 ni saa 219,000. Leza ikifa kilomita kadhaa chini ya maji, meli hutumwa kuupandisha mkongo. Kwa hiyo kila kikuzaji hupewa leza za akiba, na kila moja huchujwa kwa majaribio marefu kabla ya kufungwa.

Nuru ya buluu

Nuru ya mawimbi mafupi ilichelewa. Nitridi ya gali haikuwa na kisahani chake. Ilioteshwa juu ya yakuti, ambayo kimia chake kinatofautiana nayo kwa takriban asilimia 16. Matokeo yalikuwa kasoro zaidi ya bilioni moja kwa kila sentimita mraba. Kwa somo la asenidi ya gali, kifaa kama hicho kisingewaka hata dakika. Kikawaka. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipata upande p wa nitridi hiyo mwaka 1989, na Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia alitoa LED angavu ya buluu mwaka 1993, kisha leza ya urujuani karibu na mwisho wa 1995. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa ajili ya LED. Ili leza idumu maelfu ya saa, hata hivyo, kasoro zililazimika kupunguzwa. CD husomwa kwa nanomita 780, DVD kwa 650 na Blu-ray kwa 405: kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo nukta zinavyoweza kuwa ndogo na diski kubeba zaidi.

Aina nyingine

Kenichi Iga wa Tokyo alibuni mwaka 1977 leza inayotoa nuru kupitia uso wa juu badala ya ukingoni. Vioo vyake ni makumi ya matabaka yaliyopangwa kwa zamu, nayo hupimwa ikiwa bado kwenye kisahani, kabla ya kukatwa, jambo linalopunguza gharama. Ndiyo iliyomo katika vipanya vya kompyuta na simu zinazotambua uso. Leza ya mteremko wa kwantumu, iliyopatikana Bell Labs mwaka 1994, hutoa infraredi ndefu inayofaa kupima gesi. Upande wa kupokea hutumika fotodiodi, ambayo ni diodi inayofanya kazi kinyume: fotoni huingia, mkondo hutoka.

Usalama

Jicho hukusanya mwali wa leza kwenye nukta ndogo sana ya retina, hivyo hata miliwati chache huweza kuumiza. Vimulikaji vya mkononi visielekezwe usoni. Hatari zaidi ni infraredi, kwa kuwa haionekani na jicho halifumbi kujikinga. Fundi wa faiba hatazami ncha ya uzi, wala hautazami kwa kikuzio, mpaka apime kwa kifaa chake na kuona kwamba hauna nuru.